Maswali na Majibu: Kozi ya Kwanza ya Astronomia, Masharti Yake na Jinsi Alama Zinavyotolewa

Barua kuhusu kozi ya utangulizi ya astronomia zimekuwa zikitufikia moja moja, lakini mwezi huu zimekuja kwa mkupuo, bila shaka kwa sababu wanafunzi wako katika kuchagua kozi za hiari na wengine wamerudishiwa majaribio yao. Kwa kuwa nimeifundisha na kuisahihisha kozi hii hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, mhariri ameziweka mezani kwangu. Nimechagua sita na kuzifupisha. Ninapotaja mgawanyo wa alama, ni ule ninaoutumia katika darasa langu, nao haupishani sana na wa vyuo vingine nchini. Hata hivyo, kila mwanafunzi asome kwanza mwongozo wa kozi yake, kwa maana huo ndio mkataba kati yake na mhadhiri.

*Mwalimu, shikamoo. Nilisoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) kidato cha tano na cha sita, na sasa niko mwaka wa kwanza wa shahada ya ualimu wa masomo ya sanaa. Nimeiona kozi ya utangulizi ya astronomia kwenye orodha ya kozi za hiari, lakini wenzangu wananiambia kwamba asiyesoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) ataikimbia kabla ya wiki ya nne. Masharti ya kujiunga ni yapi, na hesabu zake ni nzito kiasi gani? — Mwanafunzi, Ubungo*

Marahaba. Wenzako wamechanganya kozi mbili. Ipo astronomia ya wanafunzi wa fizikia, ambayo humtaka mtu awe amepitia mekanika na kalkulasi, na ipo ya utangulizi iliyotungwa kwa ajili ya mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza, awe wa sanaa, wa biashara au wa sayansi. Utazitofautisha kwa kusoma sehemu ya kozi tangulizi katika mwongozo: ikiwa hapo hapana kitu, au pameandikwa ufaulu wa hisabati wa kidato cha nne tu, mlango uko wazi kwako, na tahasusi uliyosoma haikuzuii.

Hesabu zipo, nisikufiche, lakini ni za kuzidisha, kugawanya, uwiano, pembe na vipeo. Nitakufanyia moja hapa ili uone uzito wake. Mwaka 1619 Johannes Kepler alichapisha kanuni isemayo kwamba ukichukua muda ambao sayari inatumia kulizunguka Jua, kwa miaka, ukaupandisha kwenye kipeo cha pili, utapata namba ileile utakayoipata ukichukua umbali wa wastani wa sayari hiyo kutoka kwenye Jua, kwa kipimo ambacho umbali wa Dunia ni 1, ukaupandisha kwenye kipeo cha tatu. Mshtarii iko mbali mara 5.2 kuliko Dunia. Zidisha 5.2 kwa 5.2 kwa 5.2, utapata takriban 140.6, kipeuo chake cha pili ni 11.86, na hiyo ndiyo miaka ambayo Mshtarii huitumia kumaliza mzunguko mmoja. Swali limekwisha, na kikokotoo cha kawaida kimetosha. Katika swali kama hilo mimi hutoa alama 1 kwa kuandika kanuni, 1 kwa kuweka namba mahali pake, 1 kwa jibu na 1 kwa kipimo, na kila mwaka huniuma kuikata hiyo ya mwisho kwa mtu aliyefanya kila kitu sawasawa kisha akaandika 11.86 bila kusema ni miaka.

Wanaoanguka upande wa hesabu kwa kawaida ni wale walioogopa kuandika namba kubwa kwa vipeo vya 10. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150, na mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Gawanya namba ya kwanza kwa ya pili, utapata sekunde 500, yaani dakika 8 na sekunde 20. Anayeweza kuigawanya bila kupoteza sifuri njiani ameshapata hesabu anayoihitaji hadi katikati ya muhula.

La kupima kabla ya kujiandikisha ni muda. Katika mfumo wa vyuo vikuu vyetu krediti 1 huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, si za mhadhara peke yake. Kozi ya krediti 8 inadai saa 80, ambazo zikigawanywa kwa wiki 15 ni saa 5 na dakika 20 kila wiki. Ukihudhuria mihadhara ya saa 2, zilizobaki zaidi ya 3 ni zako na daftari lako, na baadhi yake ni za usiku. Mwanafunzi mwenye kazi ya jioni apange mapema.

Kuhusu vifaa, nunua kaunta buku lenye jalada gumu, rula, kipimapembe na kikokotoo. Weka kwenye simu programu ya ramani ya anga, na Stellarium ni mojawapo ya zile za bure. Darubini usinunue. Ukiazima darubini ndogo ya macho mawili na kuegemeza viwiko ukutani ili isitikisike, utaiona miezi minne ya Mshtarii, ileile aliyoigundua Galileo mwaka 1610.

*Mwalimu, salaam. Binti yangu ameniambia kwamba atasomea nyota chuoni, na kwamba atapaswa kukaa nje usiku ili apate alama. Mimi nimelelewa nikijua kwamba kusoma nyota ni kazi ya watabiri. Naomba unifahamishe ni elimu gani hiyo, na usalama wake ukoje. — Mama mzazi, Tabata*

Mama, wasiwasi wako umetokana na lugha yetu yenyewe, kwa sababu neno unajimu limebeba kwa muda mrefu maana mbili, ya kuzichunguza nyota na ya kuzipigia ramli. Chuoni tunazitenganisha. Astronomia, ambayo wengine huiita elimu ya falaki, hupima umbali, mwendo, joto na umri wa vitu vilivyoko angani, na hakuna swali lolote katika kozi hii linalomuuliza binti yako bahati ya mtu aliyezaliwa mwezi fulani.

Tena katika elimu hii hatuanzi na ya wageni. Wazee wa pwani walikijua Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, wakasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia hupotea machoni petu mwezi Mei, wakati Jua liko upande huohuo wa anga, kisha huonekana tena alfajiri mwezi Juni; kwa mtu wa Dar es Salaam, huko ni kuzama masika yakiwa bado yapo na kuzuka mvua zikiwa zimekatika. Mimi huuweka usemi huo katika jaribio la kwanza na kuwataka wanafunzi waueleze kwa mchoro wa Dunia, Jua na Kilimia. Ni swali ninalolipenda kuliko yote, na majibu yake mazuri mara nyingi hutoka kwa wanafunzi waliompigia simu bibi au babu kabla ya jaribio.

Kuhusu usalama, kazi nyingi za uangalizi humalizika kati ya magharibi na saa 2 usiku, na zinafanyika uani au juu ya paa la nyumba. Zile chache za usiku mkubwa zifanywe kwa kundi, na mhadhiri mwenye busara hatamlazimisha mwanafunzi aende mbali peke yake. Kazi nyingine ni za mchana kabisa, kama vile kupima vivuli au kwenda ufukweni kuandika saa za maji kujaa na kupwa, siku za bamvua na siku za maji mafu. Sharti moja tu ningependa ulisimamie nawe nyumbani: asiliangalie Jua moja kwa moja kwa macho matupu, wala kwa darubini isiyo na kichujio maalumu cha Jua. Jicho lililoungua kwa njia hiyo halirudi.

*Mwalimu, shikamoo. Daftari langu la uangalizi lilikuwa safi kuliko ya wenzangu wote. Lilikuwa na michoro ya rangi na usiku 20 mfululizo wa mwezi Aprili bila kukosa hata mmoja, lakini nimepewa alama 4 kati ya 15. Mwenzangu ambaye daftari lake lina madoa ya mvua na kurasa zilizoandikwa neno moja tu, mawingu, amepata 12. Haki iko wapi? — Mwanafunzi, Kigamboni*

Marahaba. Sijaliona daftari lako, na sitamsemea mhadhiri wako, lakini barua yako peke yake imenieleza mengi. Aprili ni kilele cha masika. Usiku 20 mfululizo wenye nyota, hapa pwani, mwezi Aprili, ni jambo ambalo msahihishaji yeyote aliyelala Dar es Salaam mwezi huo atalitilia shaka kabla hajafungua ukurasa wa pili, kwa sababu yeye pia alisikia mvua ikipiga bati. Programu ya simu haijui mawingu. Itakuonyesha Msalaba wa Kusini ukiwa umesimama vizuri hata kama nje hujaiona hata taa ya jirani, na ukiunakili mchoro huo utakuwa umeandika kile ambacho kingeonekana, ilhali daftari liliuliza ulichokiona.

Kuna alama nyingine inayowafichua wanaonakili, nayo ni umbo la mwezi. Picha nyingi za vitabu zimechorwa na watu wa kaskazini ya mbali, ambako mwezi mwandamo husimama wima kama herufi iliyopinda. Hapa kwetu, karibu na ikweta, mwezi mchanga unapokaribia kuzama magharibi hulala kama ngalawa, tumbo lenye mwanga likielekea chini liliko Jua na pembe zake mbili zikitazama juu. Anayeuchora umesimama amekiangalia kitabu, na msahihishaji humtambua kwa mchoro mmoja tu.

Niruhusu nieleze jinsi ninavyozigawa zile alama 15, kwa kuwa wahadhiri wengi hufuata njia inayokaribiana na hii. Alama 5 ni za kumbukumbu kamili, yaani kila ukurasa uwe na tarehe, saa, mahali ulipokuwa, hali ya anga na upande uliokuwa ukiutazama. Alama 4 ni za vipimo. Ngumi yako ikinyooshwa mbele kwa urefu wote wa mkono huziba takriban nyuzi 10 za anga, kwa hiyo ukitumia ngumi utaweza kuandika kwamba usiku huu mwezi ulikuwa ngumi mbili mashariki ya nyota fulani, na kesho yake ukaona umesogea ngumi moja na zaidi kidogo, kama nyuzi 13. Alama 4 nyingine ni za maelezo yako juu ya kilichobadilika na sababu yake. Zilizobaki 2 ni za unadhifu, nadhani hizo ulizipata zote. Ukurasa uliosema kwamba tarehe fulani, saa 1 na nusu jioni, ulitoka nje ukakuta mawingu tupu kutoka upeo hadi upeo, kwangu ni ukurasa halali wenye alama zake, maana ni taarifa ya kweli kutoka kwa mtu aliyetoka nje.

Nina daftari moja ambalo sitalisahau. Zoezi lilikuwa la kusimika kijiti cha mita 1 uwanjani katikati ya mwezi Juni na kupima kivuli chake kila baada ya dakika 5, kuanzia saa 5 na nusu mchana hadi saa 7, ili kujua ni saa ngapi kinakuwa kifupi kuliko vyote. Mwanafunzi mmoja aliandika jedwali zuri, kisha chini yake akahitimisha kwamba kivuli kilikuwa kifupi zaidi saa 6 kamili mchana, sentimita 58. Nilipoinua ukurasa kwenye mwanga niliona maandishi ya penseli yaliyofutwa chini ya jibu hilo: saa 6 na dakika 25. Na katika jedwali, mstari wa saa 6 na dakika 25 ulikuwa umefutwa na kuandikwa upya kwa wino mzito.

Kijana huyo alikuwa amepima sawasawa kabisa, kisha akakitupa kipimo chake kwa kudhani kwamba Jua lazima litii saa ya ukutani. Saa ya Afrika Mashariki imefungwa kwenye mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, ilhali Dar es Salaam iko nyuzi 39.3; tofauti ya nyuzi 5.7, ukiizidisha kwa dakika 4 kwa kila nyuzi, ni dakika 23 hivi. Kwa sababu hiyo Jua letu hufika kilele kwa kuchelewa kiasi hicho, na kwa vile mzingo wa Dunia si duara kamili na mhimili wake umeinama, katikati ya Februari huchelewa hadi saa 6 na dakika 37, na mwanzoni mwa Novemba huwahi hadi saa 6 na dakika 6 au 7. Kipimo cha penseli kilistahili alama zote. Kile cha wino hakikustahili, nami nilimwita, tukakifuata kivuli pamoja mchana wa siku iliyofuata, na nikampa nafasi ya kuandika ukurasa mpya chini ya ule wa zamani bila kuufuta.

Basi mwendee mhadhiri wako na umweleze ukweli wa zile kurasa. Kama muhula haujaisha, mwombe akuruhusu kuanza upya na usiku ulio wazi. Masika yana mianya yake: mara nyingi anga husafishika baada ya mvua ya alasiri, na kuanzia Juni, kusi likishika, usiku safi ni mwingi. Nanyi wa Kigamboni mna bahati ya ufukwe usio na taa nyingi. Mwezi Mei, kati ya saa 2 na saa 4 usiku, mgeukie kusini, na anga likiwa wazi mtauona Msalaba wa Kusini ukiwa juu ya upeo kwa nyuzi 37 hivi, karibu ngumi nne.

*Mwalimu, habari za kazi. Nina alama 17 kati ya 40 za kazi za muhula, na mtihani wa mwisho una alama 60. Je, bado naweza kufaulu, au nijiandae kwa sapu? Na hii kozi itaiathiri GPA yangu kiasi gani? — Mwanafunzi, Mbagala*

Unaweza. Katika vyuo vikuu vyetu vingi, ambako A huanzia 70, B+ 60, B 50 na C 40, unahitaji alama 23 kati ya 60 ili ufikishe 40 na kufaulu. Ukitaka B, utafute 33. B+ inadai 43. Na A inadai 53 kati ya 60, ambayo si rahisi lakini haijafungwa. Hakikisha tu kama chuo chako hakina sharti la kiwango cha chini katika kazi za muhula peke yake au katika mtihani peke yake, kwa sababu vipo vyenye sharti hilo, na jumla nzuri haimwokoi aliyekosa sehemu moja.

GPA huhesabiwa kwa kuzidisha pointi za kila daraja kwa krediti za kozi, kujumlisha, kisha kugawa kwa krediti zote. A ni pointi 5, B+ 4, B 3, C 2. Mwenye B katika kozi ya krediti 8 na B+ katika kozi ya krediti 12 anapata 24 na 48, jumla 72, ambazo zikigawanywa kwa 20 ni 3.6. Utaona kwamba kozi ndogo ya hiari haiwezi kuipandisha GPA sana, lakini inaweza kuivuta chini, hasa ukienda sapu, kwa kuwa kwa kawaida anayefaulu mtihani wa marudio huandikiwa C hata kama amepata zaidi.

Kwa siku ulizobakiwa nazo, usikariri majina ya miezi ya Zohali. Zirudie hatua za mwezi, kupatwa kwa Jua na kwa mwezi, kanuni za Kepler, na jinsi mwanga wa nyota unavyotufahamisha joto lake. Hasa uwe na hakika kwamba mwezi haupungui kwa sababu ya kivuli cha Dunia. Kosa hilo nimelikuta katika kila mtihani niliowahi kusahihisha, na linakula alama kwa wanafunzi waliojua karibu kila kitu kingine.

*Mwalimu, salaam. Mpwa wangu anasoma Marekani, na katika kozi kama hiyo amepata 78 kwa mia. Nilimpongeza kwa kupata A, akanijibu kwamba ni C. Je, amenidanganya? — Mjomba, Mbezi*

Hajakudanganya. Katika vyuo vingi vya Marekani A huanzia 90, B 80 na C 70, na vyuo vingine huongeza alama ya kujumlisha kwa walio juu ya daraja, kwa hiyo 78 inaweza kuwa C au C+. GPA yao pia ina kilele cha 4, si 5. Hilo halimaanishi kwamba kozi yao ni ngumu kuliko yetu, kwa sababu mitihani yao hutungwa ili wengi wapate alama za juu, na mazoezi ya kila wiki, maabara na hata mahudhurio hubeba sehemu kubwa, ilhali kwetu mtihani wa mwisho huamua zaidi ya nusu. Kule kozi hii husomwa sana na wanafunzi wasio wa sayansi, kwa kuwa vyuo hudai kila mwanafunzi asome angalau somo moja la sayansi. Mpongeze mpwa wako kwa kufaulu na umwambie kwamba C hiyo haitamzuia kumaliza shahada yake.

*Mwalimu, shikamoo. Katika jaribio la pili tuliulizwa kwa nini Dar es Salaam kuna joto kali Januari na ubaridi kidogo Julai. Nilijibu kwamba Januari Dunia iko karibu na Jua na Julai iko mbali. Nimehakikisha baadaye, ni kweli Dunia iko karibu na Jua mwezi Januari, lakini nimepewa 1 kati ya 6. Nikate rufaa? — Mwanafunzi, Temeke*

Marahaba. Swali lako nimelisoma mara tatu, kwa sababu limegusa mahali ambapo sisi wa kusini mwa ikweta tunategwa kuliko watu wa kaskazini. Mtoto wa Ulaya akiambiwa kwamba joto hutokana na ukaribu wa Jua, siku akijua kwamba Dunia iko karibu zaidi na Jua mwezi Januari, wakati nje theluji inaanguka, dhana yake huvunjika papo hapo. Wewe ulikuwa umekaa Temeke, jasho linakutoka, ukakuta kwamba Dunia iko kilomita milioni 147 kutoka kwenye Jua mwanzoni mwa Januari na milioni 152 mwanzoni mwa Julai. Ukweli ulikuunga mkono katika kosa. Nadhani hiyo alama 1 uliyopewa ni ya ukweli huo, na ilikustahili.

Lakini tofauti hiyo ya umbali ni asilimia 3 tu, na mwezi Januari huohuo, kwa umbali huohuo, London wanavaa makoti. Sababu moja haiwezi kuleta joto upande mmoja wa Dunia na baridi upande mwingine kwa wakati mmoja. Sababu ya msingi ni mwinamo wa mhimili wa Dunia, nyuzi 23.4, ambao mwezi Januari hukielekeza kizio cha kusini upande wa Jua na mwezi Julai hukielekeza cha kaskazini. Mwanzoni mwa Januari, Jua la adhuhuri hapa husimama nyuzi 74 hivi juu ya upeo, upande wa kusini; mwishoni mwa Juni husimama nyuzi 60 hivi, upande wa kaskazini, na joto lake husambaa kwenye eneo pana zaidi la ardhi. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba hupita utosini kabisa, na kijiti kilichosimama wima hukosa kivuli. Urefu wa mchana kwetu hubadilika kidogo sana, tofauti ya Desemba na Juni haifiki saa nzima, kwa hiyo usiutegemee kama wafanyavyo waandishi wa vitabu vya kaskazini. Ukiongeza kwamba mwezi Julai upepo wa kusi hutuletea hewa kutoka kusini, ambako ni majira ya baridi, utakuwa umelijibu swali kama mtu anayeishi hapa.

Rufaa ni haki yako, na taratibu zake zina siku za mwisho, kwa hiyo usichelewe kama unaamini alama zilijumlishwa vibaya. Kama shaka yako ni juu ya jibu lenyewe, nakushauri uende ofisini kwa mhadhiri ukiwa na karatasi yako na umwombe akuonyeshe katika mwongozo wake wa usahihishaji zile alama 5 zilikuwa za nini. Ningekuwa mimi, 2 zingekuwa za mwinamo, 2 za pembe ya Jua hapa Dar es Salaam, na 1 ya mchoro. Kisha liandike jibu upya nyuma ya karatasi hiyohiyo kabla hujaondoka, akulisomee. Swali hili hurudi katika mtihani wa mwisho likiwa limehamishiwa mji mwingine, na mwaka uliopita, katika darasa langu, mji huo ulikuwa London.